Land Rover ya baba: nirudishe rangi ya kiwandani au nipige ninayoipenda?

Swali. Msomaji wa Moshi anaandika: "Baba alituachia Land Rover Series IIA ya mwaka 1966, ile ndefu ya inchi 109, pick-up ya petroli. Namba ya chasisi inaanza na 252. Kwa sasa ni nyekundu ya metaliki, rangi aliyopiga baba mwenyewe miaka ya 1990. Marehemu alikuwa akisema alipoinunua kwenye mnada wa shirika la umma mwaka 1974 ilikuwa kijivu, lakini mjomba anaapa ilikuwa kijani. Nataka kuikarabati vizuri. Fundi ananishauri tuikwangue yote ibaki bati tupu, kisha tupige nyeusi ya metaliki na klia juu, ile vanishi angavu ya kung'arisha. Kijana wangu anataka njano ya Camel Trophy, yale mashindano ya Land Rover ya porini. Je, ni lazima nirudishe rangi ya kiwandani? Nikichagua nyingine nitakuwa nimeiharibu, na, samahani kwa kuuliza, thamani yake itashuka? Na hiyo ya kiwandani nitaijuaje?"

Jibu. Ndugu yangu, kabla ya yote mwambie fundi aweke msasa chini. Sina ugomvi na kazi yake. Ila chini ya hiyo nyekundu kuna ushahidi ambao ndio utakaomaliza ubishi wa kijivu na kijani, na ushahidi huo hauna nakala. Akishakwangua mpaka bati tupu, hata ungekuwa na pesa kiasi gani, hutapata tena wa kukuonyesha gari hili lilikuwaje. Wengi wanaoniandikia kuhusu rangi huuliza wachague ipi, na mara nyingi huwa wameshaanza kukwangua. Swali linalotangulia ni gari lilikuwa na ipi.

Lile la kwanza nikujibu moja kwa moja: si lazima. Gari ni lako na hakuna sheria inayokufunga. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 mwongozo unaoitwa Hati ya Turin, na hata huo haumwamuru mtu rangi. Unachosisitiza ni kwamba kilichobaki cha asili kitunzwe kwanza, kinachotengenezwa kitengenezwe kwa kuondoa kidogo iwezekanavyo, na kila kinachobadilishwa kiandikwe, ili atakayelipokea gari baada yako ajue kipi ni cha zamani na kipi ni chako. Mimi naukubali mwongozo huo kwa moyo wote, maana nimeona magari mengi mazuri yakipoteza historia yake ndani ya wiki moja ya msasa na thina.

Kama Land Rover yako ingekuwa bado imevaa rangi yake ya 1966, hata iwe imepauka na kuchubuka pembeni, ningekusihi usiiguse. Ningekuambia uioshe, uisugue taratibu kwa polishi, uipake nta, uendelee nayo hivyohivyo. Rangi ya kiwandani iliyovumilia jua la Kilimanjaro zaidi ya nusu karne hainunuliwi dukani. Lakini yako imeshafunikwa, na nyekundu yenyewe nadhani sasa inabanduka, ndiyo maana umefika gereji. Kwa hiyo nje utapaka upya. Sehemu za ndani zisizoonekana, kama zimesalia na rangi ya kwanza, ziache kama zilivyo. Nitalirudia hilo.

Tuanze na namba ya chasisi, kwa sababu umenitajia jambo kubwa pengine bila kujua. Kwa Series IIA za kipindi hicho, tarakimu tatu za mwanzo zilieleza aina ya gari na linakoelekea. 251 ni 109 ya petroli kwa soko la Uingereza. 252 ni gari hilohilo, usukani kulia, lililouzwa nje likiwa limekamilika. 253 ni la usukani kulia pia, lakini lilisafirishwa vipande vipande, yaani CKD, likaunganishwe huko liendako. Yako ni 252, maana yake ilipakwa rangi kiwandani Solihull, Uingereza, kabla haijapanda meli, na kuna daftari lililoandika habari zake. Wenye gari za CKD wana kazi ngumu zaidi. Wale wenye Series III, toleo lililofuata IIA, zilizounganishwa Thika, kwenye kile kiwanda kilichoanza miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya, rangi ilipigwa hapahapa kwetu, na kumbukumbu za Uingereza mara nyingi hazina la kuwaambia.

Hakikisha tu kwamba namba ya kwenye kibati ndani ya gari inalingana na ile iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiwa. Isugue kwa brashi laini na dizeli kidogo, itatokea. Zikitofautiana, basi bodi au chasisi imetoka gari jingine, na utafutaji wako wa rangi unabadilika kabisa.

Zikilingana, waandikie British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza. Wao ndio wanaotunza madaftari ya zamani ya Rover, kampuni iliyotengeneza Land Rover, na kwa ada hutoa cheti kinachoonyesha tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kutoka kiwandani, lilikopelekwa na, kwa kawaida, rangi lililotoka nayo. Andaa picha ya kibati cha namba na nakala ya kadi ya gari. Na kwa faida ya wasomaji wenye Volkswagen za Beetle, jumba la makumbusho ya Volkswagen la Wolfsburg, Ujerumani, hutoa cheti cha namna hiyo, na rangi zao zina namba zinazoanza na herufi L: L41 ni nyeusi, L87 nyeupe ya lulu, L456 nyekundu ya rubi. Mwenye Beetle akipata namba yake amemaliza nusu ya kazi.

Wakati unasubiri majibu ya Gaydon, fanya uchunguzi wako mwenyewe. Tafuta sehemu bapa ya alumini iliyojificha kidogo. Chukua kipande cha msasa wa maji namba 400, kilowanishe, uzungushe kwa ncha ya kidole kimoja, eneo lisilozidi sarafu ya shilingi mia mbili. Usikandamize. Endelea mpaka katikati uone nukta ya alumini inang'aa, kisha hamia namba 800, halafu 1500, kila mara ukipanua duara nje kidogo huku maji yakitiririka. Ukifuta kwa kitambaa utaona duara ndani ya duara, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani: alumini katikati, kisha praima, yaani rangi ya chini ya kushikilia, kisha rangi ya kwanza, kisha nyingine na nyingine, mpaka nyekundu ya marehemu pembeni kabisa. Weka karatasi nyeupe kando yake, upige picha kivulini. Andika umechukua wapi.

Fanya hivyo sehemu nyingi, usitosheke na moja. Fungua paneli ya mita, uangalie ukuta wa chuma ulio nyuma yake. Inua mito ya siti, utazame ndani ya kisanduku cha zana chini yake, kwa sababu wapiga rangi wengi hawajisumbui kufika huko. Toa kioo cha pembeni, uangalie chini ya kitako chake. Legeza bawaba za milango, uone zilipolalia nguzo. Kama nyuma kuna nembo ya Land Rover iliyopigiliwa ribiti na bado haijawahi kutolewa, pembezoni mwake rangi huwa imejikusanya tabaka kwa tabaka. Chini ya mipira ya milango nako huwa kuna mstari wa rangi ambao haujaona jua wala mvua.

Hapa ndipo nahisi ubishi wa baba na mjomba utapata jawabu, lakini kuna mtego. Praima nyingi za zamani ni za kijivu. Mtu akikwangua haraka akakuta kijivu juu ya alumini, anapiga kelele, "Ilikuwa kijivu!" Usikubali upesi. Chukua kompaundi ya kusugulia na kitambaa cheupe, usugue hilo tabaka. Rangi ya juu itaanza kung'aa, na kitambaa kitashika rangi yake. Praima itabaki butu. Halafu tazama kwa kioo cha kukuza mpaka ulio kati ya tabaka moja na jingine. Rangi iliyoishi nje miaka mingi kabla ya kufunikwa huacha mstari mwembamba wa uchafu au unga uliopauka. Praima iliyofunikwa kiwandani siku hizohizo haina mstari huo.

Ukikuta praima, kisha kijani, kisha mstari wa uchafu, kisha kijivu, na nyekundu juu yake, wazee wote wawili walisema kweli. Gari lilitoka Solihull kijani, shirika likalipaka kijivu, baba akalinunua likiwa kijivu, na mjomba aliwahi kuliona au kuona alama za kijani mahali. Sisemi ndivyo ilivyo. Nakuonyesha tu namna tabaka zinavyosomwa, kwa sababu kumbukumbu za watu, hata waaminifu kiasi gani, huchanganya. Angalia Ford Model T: dunia nzima inaamini zote zilikuwa nyeusi, wakati nyeusi peke yake ilikuwa kati ya 1914 na 1925, na za mwanzo zilitoka na kijani, nyekundu, buluu na kijivu.

Milango isikupotoshe pia. Land Rover ni gari la bolti, na Tanzania hii hakuna Series iliyofika umri huo bila kuazima kitu kwa mwenzake. Niliwahi kuchunguza moja ambayo mlango wa kulia ulikuwa na buluu chini kabisa, mlango wa kushoto mchanga, na ukuta wa mbele kijani. Mwenyewe alikuwa ameshanunua lita nne za buluu, kwa kuwa alianza na mlango wa kulia. Kilichoamua ni ule ukuta wa mbele na kisanduku cha siti, kwa sababu hivyo havibadilishwi kirahisi. Ukipata ubishani kati ya sehemu na sehemu, amini ile ambayo ni ngumu kuifungua.

Picha za albamu nazo zichukue kwa tahadhari. Zitakuambia kama paa lilikuwa jeupe na bodi nyeusi-nyeusi, kama kulikuwa na maandishi mlangoni, kama rimu zilikuwa na rangi tofauti. Lakini usipeleke picha ya mwaka 1975 dukani ukasema "nataka hii." Picha za rangi za wakati ule zimechujuka, nyingi zimeelekea wekundu, na kijani kilicho kwenye picha si kijani kilichokuwa kwenye gari. Vilevile mashine ya duka la rangi ya kusoma rangi inasoma kile unachoiwekea. Ukiipa ubavu uliochomwa na jua itakutengenezea rangi iliyochomwa na jua, kwa usahihi mkubwa. Ipe sehemu iliyokuwa imefichwa, iliyosuguliwa kwa kompaundi ikarudisha mng'ao wake.

Sasa rangi zenyewe. Land Rover za kwanza, zilizoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, zilikuwa za kijani chepesi, na inasimuliwa kuwa ilikuwa rangi ya ndege za kivita iliyobaki baada ya vita. Baadaye kikaja kijani kizito, Bronze Green, ambacho kwenye viwango vya rangi vya Uingereza, BS 381C, unakipata kwa namba 224. Katika miaka ya 1950 ziliongezwa kijivu na buluu. Kufikia gari lako la 1966, uwezekano mkubwa ni Bronze Green, Mid Grey, Marine Blue, Sand au Limestone. Zote ni rangi tulivu, za kazi. Metaliki haimo. Hakuna Series IIA iliyotoka kiwandani na metaliki.

Kwenye hiyo Limestone nataka tusimame, kwa sababu ndipo gari nyingi zilizokarabatiwa kwa pesa nyingi zinapoharibikia. Ndiyo iliyopakwa kwenye paa la kibanda, na mara nyingi kwenye rimu. Mafundi wetu huiona kwa mbali, wanasema ni nyeupe, wanapiga nyeupe ya friji. Si nyeupe. Ina umanjano na ukijivu ndani yake, karibu na krimu iliyochafuka. Iweke juu ya Bronze Green uone zinavyokaa pamoja kwa utulivu. Weka nyeupe kabisa juu ya kijani hichohicho, na jicho linakwenda kwenye paa moja kwa moja, bodi yote inaonekana nyeusi. Nimeona gari ambalo kila nati ilikuwa sahihi, likaharibiwa na paa. Na paa jepesi lina kazi yake: linarudisha joto la jua. Ukikuta kwenye gari lako paa la tabaka mbili lenye nafasi ya hewa katikati, lile lililotengenezwa kwa nchi za joto, chungulia kwenye hiyo nafasi. Rangi ya kwanza mara nyingi imejificha humo, haijaguswa.

Kitu kingine kinachopotea kwenye makopo ya rangi ni zinki. Kingo za juu za bodi ya nyuma ya mizigo ya pick-up, bampa la mbele na vyuma vingine vya pembeni vilichovywa zinki na havikupakwa rangi. Vina ule uso wa kijivu wenye madoa-madoa ya fuwele. Fundi asiyejua huvipaka rangi ya bodi, au vibaya zaidi huvipaka silva ya kopo. Viache vionekane. Vilivyoliwa na kutu vipelekwe kuchovywa upya. Mtu anayezijua Series huangalia hapo kabla hajaangalia boneti.

Nyeusi ya metaliki ninaipinga kwa sababu zilizo wazi. Bodi ya Land Rover ni mabati mapana, bapa, ya alumini laini, na lako limefanya kazi tangu 1966. Lina mabonde madogo ambayo Bronze Green inayameza. Nyeusi yenye klia itayaonyesha yote kama kioo, na fundi atalazimika kujaza puti ubavu mzima ili aufiche. Kisha jua la Moshi litakufanya ushindwe kugusa mlango saa nane mchana. Na siku tawi litakapokwaruza, metaliki haibandikwi kiraka. Unarudia paneli nzima. Bronze Green ya kawaida, isiyo na klia, unaigusa kwa brashi ndogo na mtu haoni.

Kuhusu njano ya Camel Trophy, ninamwelewa kijana. Mashindano yale yalipita Tanzania na Burundi mwaka 1991, na waliokuwa na macho wakati ule hawajasahau. Lakini yalipita na Discovery, Land Rover ya kizazi kipya zaidi. Gari la baba yako lilikuwa na miaka 25 wakati huo na lilikuwa linafanya kazi yake nyingine. Ukilivisha njano ile unalipa historia ya gari jingine, na atakayeliona ataulizia safari ambazo halikwenda, wakati lina zake za kweli ambazo hakuna atakayeziuliza. Kama kijana anapenda sana, mnunulie Discovery ya zamani aikarabati hivyo, itakuwa halali yake.

Basi nikuambie ningefanya nini kama ingekuwa yangu. Kama cheti na tabaka vyote vitasema kijani, ningerudisha kijani, paa la Limestone, zinki wazi. Kama vitasema kijivu, vivyo hivyo. Lakini kama tabaka zitaonyesha lilitoka kijani, likapakwa kijivu na shirika, na familia yenu yote mlikua mkilijua likiwa kijivu, nitaheshimu uamuzi wako wa kurudi kwenye kijivu. Hiyo nayo ni rangi iliyoivaa kweli, kwa miaka ya kazi yake halisi. Sharti langu ni moja: liandikwe, usije ukamwambia mtu ndiyo ya kiwandani. Wapo wataalamu watakaobisha na mimi hapa, wakisema rangi ni ya kiwandani au si kitu. Ninaheshimu msimamo wao kwa gari la mashindano ya urembo. Kwa gari la familia naona unabana mno.

Hata nyekundu ya baba nisingeifuta yote. Acha kipande, kwa mfano ndani ya kisanduku cha zana kama aliifikisha huko, au upande wa ndani wa boneti. Na kila sehemu ya ndani ambayo uchunguzi umeonyesha bado ina rangi ya 1966, ifunike kwa karatasi na gundi ya kuzibia wakati wa kupiga rangi, fundi asiipitie kwa kutaka usafi. Zile duara ulizosugua, ibakize moja isiyoonekana, uipake nta tu.

Suala la thamani umeliuliza kwa aibu, lakini ni haki yako. Anayetafuta Series kwa ajili ya kuitunza anatafuta kwanza chasisi nzima na namba zinazolingana, kisha anatafuta kitu ambacho hakijavurugwa. Rangi sahihi iliyopigwa vizuri haimfukuzi mnunuzi yeyote. Nyeusi ya metaliki inamfukuza yule hasa anayelipa vizuri, kwa sababu anahesabu gharama ya kuiondoa. Na cheti cha Gaydon kikilingana na gari lilivyo, mazungumzo ya bei huanzia mahali pengine.

Tuje kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa fundi wako atakuwa amezoea bati za chuma za Toyota, na hii ni alumini. Alumini ikivuliwa rangi inaanza kujifunika oksaidi mara moja, na rangi ya kawaida ikipigwa juu yake hubanduka kama ganda. Inataka praima maalumu, ama ya asidi iliyopigwa nyembamba, ama epoksi. Puti isipakwe juu ya praima ya asidi moja kwa moja, haishiki vizuri; epoksi kwanza, puti baadaye. Asitumie brashi ya waya wa chuma kwenye alumini, maana chembe za chuma hubaki zimechomeka na baada ya mvua chache zinaota vipele chini ya rangi mpya. Na akikuambia ataiondoa rangi kwa kuichovya kwenye kostiki soda, ondoa gari lako hapo siku hiyohiyo. Kostiki inakula alumini. Utarudishiwa milango imetoboka.

Pale alumini inapokutana na chuma, hasa chini ya milango na sehemu ya miguu, utakuta unga mweupe na malengelenge. Vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja na unyevu vinalana. Fungua, safisha, paka pande zote mbili, uweke kitu cha kuvitenganisha kabla ya kufunga bolti. Ukipaka juu juu, malengelenge yatarudi kabla hujamaliza kulipa deni la rangi.

Mng'ao nao ni sehemu ya uhalisi. Land Rover ya 1966 haikuwa na klia. Ilikuwa na rangi moja iliyong'aa kiasi, na ukiitazama kwa upande uliona uso wake una ngozi kidogo. Mwombe fundi rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadena, ya moja kwa moja, isiyo na klia juu, au enamel nzuri, na asiisugue mpaka ionekane imelowa maji. Kabla ya kupiga gari zima apige kipande cha bati cha ukubwa wa daftari, ukiweke juani asubuhi, mchana na jioni karibu na sehemu ya rangi ya zamani uliyoifichua. Bronze Green hudanganya sana chini ya taa za gereji. Ndani inaonekana karibu nyeusi.

Na tafadhali, afya za watu. Rangi za zamani, hasa kijani, njano na nyekundu, nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Zisisuguliwe kikavu. Tumieni msasa wa maji, vumbi lizolewe likiwa tope, watoto wasikaribie. Hadena ya 2K ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zikiingia mapafuni zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Fundi avae maski ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Kama gereji haina, ni bora mpige enamel ya kawaida kuliko kumuumiza kijana wa watu kwa ajili ya gari.

Ukimaliza, weka kwenye bahasha moja: picha za tabaka na mahali zilipotoka, cheti, jina na namba ya rangi uliyotumia, mchanganyo uliotolewa na duka, na tarehe. Hifadhi pia nusu lita ya rangi iliyobaki, kopo likiwa limefungwa vizuri, kwa ajili ya mikwaruzo. Kisha toa kadi ya gari uangalie imeandikwa rangi gani. Kama baba hakuibadilisha alipopiga nyekundu, huenda bado inasema kijivu, na hapo umepata shahidi mwingine bila gharama. Kama inasema nyekundu, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) wakubadilishie kumbukumbu kabla hujaingia barabarani na rangi mpya. Nitumie picha za zile duara utakapozipata, hasa ya ukuta ulio nyuma ya paneli ya mita, nikusaidie kuzisoma kabla hujanunua hata lita moja.